Kibodi moja kwa kompyuta mbili: kisa cha ofisi ya stika

Ofisi yenyewe ni ya stika na mabango, Morogoro mjini, chumba kimoja chenye mlango wa barabarani. Kazi zake ndizo tunazoziona kila siku: majina ya maduka kwenye vioo, maandishi ya ubavuni mwa daladala, majina ya bajaji, vibandiko vya mashule. Mezani kuna kompyuta mbili. Mpya ina Windows 11 na ndiyo inayotumika kuchorea. Ya zamani ni Pentium 4 yenye Windows XP, na kazi yake ni moja tu, kuendesha plota ya kukatia stika. Kwa hiyo meza imebeba monita mbili, kibodi mbili na mausi mbili, na dada anayebuni hana pa kuweka daftari la oda wala pa kulaza rula. Ombi lake lilikuwa fupi: "Fundi, niondolee kibodi moja hapa mezani. Nataka hii moja itumike kote kote."

Mtu anaweza kujibu kwa neno moja, swichi, na akawa hajakosea. Lakini katika kisa hiki swichi ilikuwa sehemu rahisi. Ugumu ulikuwa ndani ya kompyuta ya zamani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapatazama.

Kwanza, kwa nini ya zamani isitupwe? Kila anayeingia ofisini huuliza hivyo, na bosi ameshachoka kujibu. Plota haina neno. Inapokea amri za HPGL, lugha ya Hewlett-Packard ambayo watengenezaji wengine wengi waliifuata, kupitia mlango wa COM, ule wa pini 9. Adapta ya kutoka USB kwenda COM ingeweza kuiunganisha na kompyuta mpya. Kizuizi ni programu ya kukatia. Leseni yake imo kwenye kidude kinachochomekwa mlango wa LPT, ule mpana wa matundu 25 uliokuwa wa printa, na draiva ya kidude hicho, yaani programu ndogo inayokitambulisha kwa Windows, ni ya biti 32. Windows 11 inatoka kwa biti 64 tu, na Windows ya biti 64 haipokei draiva za biti 32, uibembeleze vipi. Isitoshe, ndani ya programu hiyo mna vipimo vilivyopatikana kwa kuharibu stika nyingi: kasi ya kila aina ya stika, kisu kikandamize kiasi gani, na ile robo ya milimita kati ya ncha ya kisu na mhimili wake, ambayo isipowekwa sawa kona za herufi hazifungi.

Iko siku watahama. Inkscape ni ya bure na inaweza kutuma HPGL moja kwa moja kwenye plota, na bosi nilimwonyesha. Alinielewa, ila alisema hawezi kuanza kujifunza upya huku wateja wamesimama mlangoni. Nadhani yuko sahihi. Kompyuta inayofanya kazi moja na kuifanya vizuri haina sababu ya kufukuzwa kwa ajili ya umri.

Kabla sijaitwa walikuwa wameshajaribu vitu viwili, na vyote nimevikuta katika ofisi nyingine pia.

Cha kwanza kilikuwa kebo ya matawi mawili: kibodi inaingia upande mmoja, upande wa pili una vichwa viwili vya USB, kimoja kwa kila kompyuta. Kinaonekana kama jibu lenyewe, kumbe hakiwezekani kwa namna USB ilivyoundwa. Katika USB kompyuta ndiyo mkuu wa kaya: inauliza, na kifaa kinajibu kinapoulizwa. Kifaa kimoja hakitumikii wakuu wawili kwa wakati mmoja. Kebo hizo zimetengenezwa kwa jambo jingine kabisa, kuongeza nguvu ya umeme kwa diski za nje zinazochomekwa kwenye matundu mawili ya kompyuta ile ile. Ukizichomeka kwenye kompyuta mbili tofauti unakutanisha volti 5 za mashine moja na volti 5 za nyingine, na mashine iliyozimwa huanza kupokea umeme kwa mlango wa nyuma. Walibahatika hakuna kilichoungua. Kebo niliiomba nikaondoka nayo.

Cha pili kilikuwa vile viadapta vidogo vya rangi, zambarau na kijani, vya kugeuza kichwa cha USB kiingie tundu la duara la PS/2. Tundu hilo lilikuja na kompyuta za IBM za Personal System/2 mwaka 1987, na baadaye zambarau ikawa ya kibodi na kijani ya mausi. Watu hudhani adapta ile inatafsiri. Ndani yake hamna chochote ila nyaya. Inafanya kazi kwa kibodi ambayo kiwandani ilipewa uwezo wa kuzungumza kwa njia zote mbili, USB na PS/2, na kibodi nyingi za siku hizi hazina tena uwezo huo. Ya kwao haikuwa nao. Halafu walikuwa wanachomeka na kuchomoa huku mashine inawaka, jambo ambalo PS/2 haikuundwa kulivumilia. Mara nyingi kibodi haitambuliwi mpaka uwashe upya, na katika bodi za zamani unaweza kuunguza fyuzi ndogo ya mlango huo, ukabaki na tundu bovu moja kwa moja.

Nikaiwasha kompyuta ya zamani nione inavyoamka. Ikasimama kwenye skrini nyeusi: "CMOS checksum error - Defaults loaded", na chini yake "Press F1 to continue, DEL to enter SETUP". Dada akanyoosha mkono, akabonyeza F1, Windows ikaendelea kufunguka. Nikamuuliza kama huwa hivyo. "Kila asubuhi, fundi. Ndivyo ilivyo hiyo."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Ujumbe ule unasema kwamba BIOS, programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, imesahau mipangilio yake na imerudi kwenye ile ya kiwandani. Inasahau kwa sababu betri ya CR2032 kwenye bodi, ile ya mviringo ya volti 3, imekufa. Mchana hutaiona shida hiyo, kwa kuwa kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani power supply hulisha kumbukumbu hiyo hata mashine ikiwa imezimwa. Lakini ofisi hii, kama nyingi zenye kuhofia hitilafu ya umeme, huzima swichi kubwa kila jioni. Usiku mmoja bila umeme na bila betri unatosha. Tarehe nayo ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi, ndiyo maana mafaili ya kukatia kwenye XP yalikuwa na tarehe zisizoeleweka na dada hakuweza kupanga oda kwa siku.

Betri na kibodi vinahusianaje? Wakati wa F1 hakuna Windows bado, hakuna programu yoyote ya kushirikisha kibodi inayoweza kusikika. Kibodi ya USB inasikika wakati huo ikiwa tu BIOS imeruhusiwa kuitambua, na katika bodi hii mpangilio wa "USB Keyboard Support" kwa kiwandani umezimwa. Ukiuwasha leo, usiku unafutika. Asubuhi mashine inadai F1, kibodi ya USB imekaa kimya, na ili kuuwasha tena unahitaji kibodi isiyo ya USB. Kama ningemwekea dada swichi siku ile na kuondoka na kibodi yake ya zamani, kesho yake asubuhi ofisi isingekata stika hata moja.

Kwa hiyo kazi ilianza na betri. Niliipima ya zamani kwa mita ikawa chini sana ya volti 3, nikaweka mpya, nikaingia kwenye BIOS nikarekebisha tarehe, nikawasha utambuzi wa kibodi ya USB, nikahifadhi. Kisha tukazima swichi kubwa ya ofisi tukaenda kula. Tuliporudi mashine iliamka yenyewe hadi Windows bila kuomba kitu. Nawashauri mafundi wenzangu wafanye jaribio hilo la kuzima kabisa ukutani kabla ya kudai kwamba betri imetatua jambo.

Baada ya hapo ndipo swali la namna ya kushirikisha lilipokuja kwa haki yake.

Ziko programu zinazofanya kazi hiyo bila kununua chochote. Kibodi na mausi vinachomekwa kompyuta moja, mausi ikivuka ukingo wa skrini inatokea kwenye skrini ya jirani, na kila unachobonyeza kinasafiri kwa mtandao. Synergy, iliyoanzishwa na Chris Schoeneman mwaka 2001, ndiyo mama wa nyingi kati ya hizo. Barrier na Input Leap zimetokana nayo. Microsoft nao wana Mouse Without Borders, iliyotoka 2011 na tangu 2023 imo ndani ya PowerToys, kifurushi chao cha zana za bure. Penye kompyuta mbili za umri mmoja naziweka na nazipenda, maana mtu husahau kabisa kwamba ana mashine mbili.

Hapa umri haulingani. PowerToys haiendi XP. Matoleo ya zamani ya Synergy yanaenda, lakini pande zote mbili zinataka matoleo yanayoelewana, kwa hiyo ungelazimika kuendesha programu ya miaka mingi nyuma kwenye Windows 11. Matoleo yale pia hutuma kila herufi wazi, bila kuificha, neno la siri likiwemo. Hoja ninayoisikia zaidi ni hii ya usalama: XP iliacha kupata marekebisho tarehe 8 Aprili 2014, isiguse mtandao. Ni kweli, ila si hoja ya mwisho. Unaweza kuunganisha mashine mbili kwa kebo moja ya mtandao, moja kwa moja, bila ruta wala intaneti upande wa XP, na herufi zisionwe na mtu.

Kilichoniamulia ni kingine. Kwa njia ya programu, kompyuta ya zamani ingekuwa haina mikono yake. Ingetegemea mpya iwe imewaka, imefunguliwa, na haina shughuli. Fikiria plota imeshakata mita kadhaa, kisu kikashika vumbi kikaanza kuburuta stika. Dada anatakiwa asimamishe kazi papo hapo, na wakati huo huo Windows 11 imeamua kujiwasha upya kwa ajili ya masasisho. Au limetokea lile dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, ambalo programu za namna hii za zamani hushindwa kulivuka, mausi inagoma kuhama. Stika inaharibika mbele ya macho. Mashine inayoingiza pesa haitakiwi kusubiri mashine nyingine ipone. Kwa ofisi hii nilikataa programu kwa sababu hiyo hata kama yote mengine yangekubali.

Tukabaki na njia ya swichi, kifaa cha kushikika. Bosi alikuwa ameona swichi ya KVM kwa jirani, ile inayobadilisha na skrini pia, akaitaka hiyo. Nilimwambia, "Mzee, hiyo inafaa mwenye monita moja. Wewe unazo mbili, na dada anataka kuona plota imefika wapi huku anachora kazi nyingine. Ukimwekea hiyo unamfumba jicho moja." Alicheka, akakubali. Tukachukua swichi ndogo ya USB: matundu ya kibodi na mausi upande mmoja, kebo mbili za kwenda kwenye kompyuta upande wa pili, na kitufe juu chenye taa mbili. Kila monita ikabaki na kompyuta yake.

Swichi ndogo za aina hii zina tabia ya kujua mapema. Hazijifanyi kibodi. Ukibonyeza kitufe, kompyuta moja inaona kibodi imechomolewa na nyingine inaona imechomekwa, ndiyo ile sauti ya Windows unayoisikia, na kuna kusubiri kidogo kabla mausi haijatembea. Swichi za KVM za bei kubwa huiambia kila kompyuta muda wote kwamba kibodi ipo, hata kama iko upande wa pili. Tofauti hiyo inauma wakati wa kuwasha: kama swichi imeelekezwa kwenye mpya, ya zamani inaamka ikiwa haina kibodi, na BIOS nyingi za kizazi hicho husimama kulalamika. Katika BIOS ya Award kuna dawa, "Halt On" uiweke "All, But Keyboard", nayo nikaiweka.

Lakini sikuishia hapo. Ile kibodi ya zamani ya PS/2 niliiacha imechomekwa, nikailaza juu ya CPU chini ya meza, waya umefungwa usivutwe na miguu. Dada akaniuliza, "Si ulisema unaiondoa?" Nikamjibu imeondoka mezani, haijaondoka kazini. Windows haina ugomvi na kibodi mbili kwa pamoja, inapokea kutoka popote. Siku betri mpya itakapochoka, siku swichi itakapokufa, siku XP itakapohitaji F8 ili iingie hali ya usalama, kibodi ile iko pale na haihitaji kuchomekwa mashine ikiwa inawaka. Haichukui nafasi ya mtu. Sioni faida yoyote ya kuitupa.

XP ilichukua muda kuizoea swichi. Mara ya kwanza iligundua kifaa kipya mara tatu, yaani swichi yenyewe, kibodi, kisha mausi, na dirisha linaloongoza uwekaji wa vifaa lilitaka kubonyezwa, ndiyo maana mausi ya PS/2 sikuichomoa mpaka shughuli hiyo ilipokwisha. XP pia inakumbuka kwa tundu: ukiihamisha kebo kwenda tundu jingine la USB inaanza upya kana kwamba haijawahi kuiona. Nikaweka kibandiko kwenye tundu lenyewe, "SWICHI, USIHAMISHE". Jambo jingine dogo: swichi hizi huunganisha waya wa ardhi wa kompyuta zote mbili, basi mashine zote ziwe kwenye ekstensheni moja yenye ardhi ya kweli. Moja ilikuwa imechomekwa kwa kichwa cha pini mbili, na dada alizoea kuhisi umeme mdogo akigusa CPU. Hilo lilirekebishwa siku ile ile.

Halafu likaja swali ambalo huja kila mara. Dada alichora neno kwenye mpya, akabonyeza Ctrl+C, akabadilisha swichi, akabonyeza Ctrl+V kwenye XP. Hakikuja kitu. Swichi inahamisha kibodi tu, kilichonakiliwa kinabaki kwenye mashine kilikonakiliwa. Mafaili walikuwa wakiyabeba kwa flashi, na flashi hiyo hiyo hupita kwa wateja, na wote tunajua virusi vya flashi vilivyozitesa ofisi zetu. Kushirikisha folda kwa njia ya kawaida ya Windows kuligoma, na ni vizuri kwamba kuligoma: XP inajua SMB, lugha ya Windows ya kushirikisha mafaili, toleo la 1 tu, toleo ambalo kirusi cha WannaCry kililipitia Mei 2017, na Windows mpya hazijiwekei tena toleo hilo zenyewe. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa uliwashe. Usiliwashe.

Tulifanya hivi. Kompyuta mpya inapata intaneti kwa Wi-Fi, kwa hiyo tundu lake la kebo lilikuwa wazi. Nikavuta kebo moja hadi kwenye XP, nikaipa mpya anwani 192.168.50.1 na ya zamani 192.168.50.2, na mahali pa lango la kutokea nikapaacha patupu. XP haioni intaneti. Kwenye mpya nikaweka seva ndogo ya FTP, njia ya zamani ya kupeana mafaili kwa mtandao, inayofungua folda moja tu, yenye mafaili yaliyo tayari kukatwa, na ukuta wa kinga (firewall) wa XP ukabaki umefungwa kwa yeyote anayebisha kutoka nje. XP ndiyo inayokwenda kuchukua, hakuna anayeifuata ndani. Flashi za wateja zinaishia kwenye Windows 11, ambako kinga ya virusi ni ya leo.

Hatari iliyobaki ni ya mkono wa mtu. Ukidhani kibodi iko kwenye mpya kumbe iko kwenye XP, jina la mteja unaloandika linaingia kwenye programu ya kukatia, na kitufe kimoja pale kinaweza kufuta kazi inayoendelea. Nilimwomba dada ajizoeze kusogeza mausi kwanza, aone mshale wa skrini ipi unatembea, ndipo aandike. Kwenye XP nikaukuza mshale na kuufanya mweusi. Yeye akaongeza la kwake, na ni bora kuliko langu: alikata vipande vya stika nyekundu na bluu, nyekundu kwenye fremu ya monita ya zamani na kwenye taa yake ya swichi, bluu kwenye ya pili. Sasa hata kijana wa kubandika mabango anajua kibodi iko wapi bila kuuliza.

Niliizuia pia mpya isilale yenyewe. Ikilala wakati swichi iko upande wa XP, kibodi haiwezi kuiamsha, na mtu asiyejua huishia kushikilia kitufe cha kuzimia na kupoteza mchoro ambao haujahifadhiwa.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni diski ya XP. Ni ya IDE, aina ya zamani ya diski, ya tangu mashine iliponunuliwa, na vile vipimo vyote vya visu na kasi vimo humo na kwingine havimo. Nimeshampa bosi orodha: diski ya akiba ya ukubwa ule ule au zaidi, iliyopimwa, na nafasi ya kunakili diski nzima, Windows na programu na mipangilio yake pamoja, kisha kuiwasha mashine kwa nakala ili tuhakikishe plota inakata. Tumekubaliana ifanyike Jumapili ofisi ikiwa imefungwa, na mpaka hapo nimemwandikia dada vipimo vya stika anazotumia zaidi kwenye karatasi, akaibandika ndani ya jalada la daftari la oda.